Lete Nikusaidie

Kaka yangu ana ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: hawezi kuona mtu ameshika kitu, naye asikishike. Ukimenya viazi atakuomba kisu. Ukifungua mlango atausukuma kutoka upande wa pili mpaka mnabaki mnashindana. Ukisimulia jambo atakumalizia, tena atamalizia vibaya. Na kila mara neno lake ni lile lile: "Lete nikusaidie." Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni, na huenda ugonjwa ulianzia huko huko. Alikuwa akinisaidia kushika nywele.

Mtu wa namna hiyo akaenda akaoa fundi cherehani.

Wifi yangu ana chumba chake cha kushonea mbele ya nyumba, mlango unatazama barabara. Mna cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na nguo za wateja zimetundikwa kwenye waya kwa kufuata nani ana mdomo zaidi: mwenye kelele yuko mbele, mpole anangoja. Wifi ni mfupi, ana mikono ya nguvu, na ana mwanya katikati ya meno ya juu ambao kaka aliuona siku ya kwanza akasahau alichotumwa dukani. Hasemi sana, kwa sababu mara nyingi mdomo wake una pini. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, kaka amemsaidia kutunga uzi akavunja sindano, amemsaidia kupiga pasi akaacha chapa ya pasi kwenye suruali ya bwana harusi, na amemsaidia kumpima mama mmoja mnene na kutangaza kipimo chake kwa sauti iliyofika kituo cha basi. Yule mama hajarudi hadi leo. Na ukitaka kumkasirikia kaka, huwezi kumkasirikia vizuri, kwa sababu hana ubaya hata chembe. Angekuwa na ubaya kazi ingekuwa rahisi.

Kuvua wifi alianza kwa sababu ya mgongo. Daktari alimwambia asikae kwenye cherehani siku saba kwa wiki, na jirani yake, msusi, akamwambia, "Basi Jumapili twende gatini." Pale gatini kulikuwa na wanawake watatu wenye fimbo za kuvulia: huyo msusi, muuguzi wa wodi ya wazazi, na mama mmoja anayeendesha kreni bandarini. Hawakuwa wavuvi wa kuuza. Walikuwa wakivua kwa raha zao, wanampima samaki kwa utepe, wanamsifu, kisha wanamrudisha majini. Wifi akapewa fimbo, akavua samaki wa kiganja, akarudi nyumbani akicheka peke yake jikoni. Tangu siku hiyo, Jumapili ukimtafuta usimtafute nyumbani.

Mtaa ulisema, si unajua mtaa. Mwenye duka la pembeni alimwuliza siku moja mbele ya watu, "Fundi, nasikia mnavua samaki halafu mnawarudisha. Sasa faida yake nini?"

Wifi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi. "Na nyinyi mnaocheza mpira kila jioni, mkimaliza mnaula?"

Mwenye duka hajauliza tena.

Alikuwa hodari, wala simsifu kwa kuwa ni wifi yangu. Mawifi hatusifiani ovyo. Mkono uliozoea uzi unajua mambo. Aliniambia kwamba mshipi ni uzi tu, na uzi ukitaka kukatika hukwambia kwanza kwenye kidole, ila watu hawasikilizi. Yule mama wa kreni ana nguvu mara mbili yake, lakini alikuwa akikatikiwa na mshipi mara tatu kwa asubuhi moja. Wifi hakukatikiwa. Tena aliwashonea wote wanne mikanda ya turubai ya kuvaa kiunoni, yenye kikombe cha ngozi mbele cha kuegemezea kitako cha fimbo, kila mmoja kwa kipimo chake, na kipimo hakikutangazwa.

Sasa nije kwenye ubao.

Mjini kwetu kuna klabu ya watu wanaovua baharini kwa michezo. Ni chumba kimoja kirefu kilichopakwa rangi ya buluu, feni inayolia darini, mizani kubwa nje ya mlango, na ukutani ubao mweusi wa mbao. Kila mwaka una mstari mmoja: mwaka, samaki, kilo, na jina la aliyemvua. Jina lenyewe si la cheti. Ni la utani, wanachama wanakupa siku unaposhinda, kisha unapanda kwenye kiti unaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe. Yuko Kofia. Yuko Usingizi, ambaye samaki alimwamsha. Yuko Koleo, daktari wa meno, ambaye ameandikwa mara nne na anapenda kuketi chini ya ubao makusudi. Wanawake pia wapo, wawili. Mmoja ameandikwa "Mke wa Kofia." Wa pili "Binti wa Nahodha." Utaratibu wa zamani ulikuwa kwamba mwanamke anaingia klabuni kwa mgongo wa mwanachama, basi na ubaoni hivyo hivyo.

Wanawake wanne wa gatini wakajiunga, wakaenda kwenye mkutano mkuu, wakazungumza mpaka feni ikanyamaza. Katibu wa klabu, karani mstaafu wa mahakama, mtu anayesoma hata maandishi ya kiberiti, akakubali: kuanzia sasa mwanamke atakayeleta samaki mkubwa wa mwaka ataandikwa kwa jina lake mwenyewe la utani, kama wengine. Wifi alirudi nyumbani akaandika kwa chaki kwenye meza yake ya kukatia: SINDANO. Ndilo jina alilolitaka. Kila akikata kitambaa alikata kwa kulizunguka. Hakumwambia mtu, lakini mimi nina macho, na nilijua kwamba mwanamke huyu, aliyeitwa mke wa fulani, mama wa fulani na fundi wa fulani, anataka kitu kimoja duniani ambacho hakikushikwa na mkono wa pili.

Mwaka juzi nusura akipate. Alinasa jodari ambaye mizani ilimkubali kuliko samaki wote wa msimu. Lakini kaka alikuwemo kwenye boti. Kaka ni fundi wa friji, anatengeneza majokofu ya barafu ya klabu, wanamwita Friji ingawa ubaoni hajawahi kufika. Katibu akatoa fomu, akafika swali la nne: je, kuna mkono wa mtu mwingine uliogusa fimbo, rili ya kukunjia mshipi, au mshipi wenyewe? Kabla wifi hajafungua mdomo, kaka akajibu kwa furaha, "Ndiyo! Mimi! Nilimsaidia!"

Alidhani atapongezwa. Katibu akachora mstari juu ya fomu, akamweleza kwamba samaki wa mikono miwili si wa mtu yeyote. Wifi hakusema neno siku tatu, na safari hii mdomoni hamkuwa na pini. Kaka alikuja kwangu analia kweli kweli. "Dada, nilitaka kumsaidia tu." Nikamwambia, ndiyo maana.

Basi mwaka huu, siku ya mwisho ya mashindano, wifi alijipanga. Kumwacha kaka nyumbani kulishindikana, maana angeogelea kuifuata boti. Alimshonea mumewe suruali mpya yenye mifuko mirefu ya kufika magotini. "Baba watoto," akamwambia, "mikono yako itakaa humu. Mpaka turudi."

"Na nikitaka kunywa maji?"

"Dada yako atakunywesha."

Dada yako ndiye mimi. Kila mvuvi huenda na mtu wa kumshuhudia, na siku hiyo msusi alikuwa na wateja, muuguzi yuko zamu, mama wa kreni anapakua meli. Nikaitwa mimi, mwalimu wa hesabu, ambaye hata ndoo ya maji ikitikisika bafuni natazama pembeni.

Nahodha alisema bahari ni shwari. Mimi na nahodha hatusemi lugha moja. Hatujamaliza kutoka bandarini nilikuwa nimeshakumbatia ndoo ya plastiki ya kijani, na urafiki wetu ulidumu hadi mwisho wa safari. Nikiinua kichwa niliona mambo haya: nahodha mbele kwenye usukani, wifi nyuma kwenye kiti, mkanda wake kiunoni, kidole kimoja juu ya mshipi, na kaka karibu naye, mikono imezama mifukoni mpaka kwenye viwiko, anatikisa mabega kwa taabu.

Karibu saa nne rili ikalia. Mshipi ukatoka kwa kasi, wifi akasimama, fimbo ikainama mpaka ncha ikabusu maji.

"Jodari!" nahodha akapaza sauti. "Huyo ni jodari, mama, mwache akimbie!"

Jodari harukiruki juu kutafuta kuonekana. Anazama, tena anazama na wewe. Huyu alituburuta kuelekea kwenye miamba, nahodha akalazimika kukodolea macho mbele tusije tukapasuka, na nyuma wakabaki mke, mume na fimbo. Wifi alikaza akalegeza, akakaza akalegeza. Akiuhisi mshipi unanung'unika aliuachia. Ukitulia, aliukunja mizunguko miwili mitatu. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kama cherehani.

"Mama watoto, mkono wako unatetemeka," kaka akasema.

"Najua."

"Jasho linakuingia machoni."

"Najua, baba watoto."

"Ningekufuta tu hapa juu ya..."

"Mikono mfukoni!"

Hapo ndoo ikaniita, nikaitika. Kilichofuata nilikisikia tu. Nilimsikia wifi anaguna, sauti ya mtu anayeinua gunia peke yake. Nikamsikia kaka, kwa sauti ile ya upole inayovunja sindano, anasema, "Lete nikusaidie kidogo tu, kidole ki..." Kisha nikasikia "Uwiii!" ya mwanamume mzima.

Nikainua kichwa. Kaka alikuwa ameubana mkono wa kulia kwapani, ametazama baharini. Wifi alikuwa vile vile, macho kwenye mshipi, midomo imefumbwa.

"Nini?" nikauliza.

"Ndoana," kaka akasema. "Imenichoma."

Nikasema moyoni, vizuri sana. Nikarudi kwenye ndoo.

Dakika kumi baadaye nahodha alikuja nyuma na kulabu, maana kulabu inaruhusiwa samaki akishafika ubavuni, na jodari akaanguka ndani ya boti kwa kishindo kilichonifanya nisahau tumbo. Alikuwa mnene, ana mng'ao wa chuma. Wifi aliketi sakafuni karibu naye, akaanza kulia na kucheka kwa zamu, na mimi nikatambaa nikamkumbatia, nikalia naye. Niliona fahari iliyoniuma kifuani. Kaka alisimama pembeni, mkono umefungwa leso, anatabasamu bila kusema lolote, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Mizani ikasema arobaini na moja. Koleo alikuwa anaongoza kwa thelathini na nane. Klabu nzima ikajazana mezani kwa katibu, feni inalia, na katibu akavaa miwani akaanza fomu yake tangu juu kabisa kana kwamba hatujawahi kuonana. Akafika swali la nne. Watu wote walikumbuka mwaka juzi. Nilisikia viti vikisogea.

"Tangu samaki aliponasa mpaka alipofika kwenye kulabu, kuna mkono wa mtu mwingine uliogusa fimbo, rili au mshipi?"

"Hapana," akasema wifi.

"Shahidi?"

Nahodha akakuna kidevu. "Mimi nilikuwa natazama miamba. Ningetazama nyuma, sasa hivi tungekuwa tunajaza fomu nyingine."

"Mwalimu?"

Nimefundisha watoto kwa miaka ishirini na saba kwamba uongo ni aibu, na pale uongo ulikuwa umeshafika ulimini, umekaa vizuri, unangoja mlango. Nikamtazama wifi. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Ndipo nikaelewa kwamba hata uongo wangu ungekuwa ni lete nikusaidie.

"Mimi niliona ndoo," nikasema.

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia kaka. Koleo alikuwa chini ya ubao kama kawaida yake. Ni mtu wa haki, lakini kile kiti chake anakipenda.

"Friji, ndugu yangu," akasema, "sisi tunakujua. Saa nzima na dakika kumi umekaa kando ya fimbo usiiguse? Wewe nilikung'oa jino, ukashika koleo unisaidie!"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kaka alikuwa amesimama, mikono mifukoni, jasho linamtoka, na watu aliokaa nao miaka yote wanamtazama. Wifi hakumtazama. Alikuwa ametazama ubao, mahali pale pa mwaka huu palipo wazi.

"Mkono niliunyoosha," kaka akasema hatimaye.

Klabu ikashusha pumzi. Wifi akafumba macho.

"Nikasema lete nikusaidie. Ulikuwa umebaki upana wa kidole. Lakini haukufika."

"Kwa nini haukufika?" katibu akauliza.

Kaka akautoa mkono mfukoni. Akafungua leso taratibu, akaulaza mkono mezani juu ya fomu. Kulikuwa na alama juu ya kidole gumba, safu mbili, nyekundu, zimeiva.

"Hiyo ndoana gani?" nikauliza, sauti ikanitoka yenyewe.

"Si ndoana, dada."

Katibu akainama, akasukuma miwani. "Haya ni meno."

"Ni meno, bwana katibu."

"Ya nani?"

Kaka akaikunja leso. Wifi akatazama feni. Katibu akasema kwamba fomu yake haiwezi kupokea meno yasiyo na mwenyewe, na kwa bahati klabu ina mtaalamu. Masikini Koleo akatoka kwenye kiti chake. Akaushika mkono wa kaka, akaugeuza kwenye mwanga, akapima kwa ukucha, na kazi ikamnogea mpaka akasahau ni samaki wa nani anaangushwa.

"Taya ndogo," akasema. "Meno mazima. Nguvu ya kutosha. Na hapa juu, katikati, pana nafasi." Akainua kichwa. "Mama, hebu tabasamu kidogo."

"Sitabasamu," akasema wifi, na hapo hapo kicheko kikamshinda, na mwanya ukaonekana na kila mtu.

Koleo akashusha pumzi ndefu. "Ni yeye," akasema. "Nathibitisha. Na mkono uliong'atwa namna hii unarudi ulikotoka, hauendi mbele."

Katibu akamtazama kaka juu ya miwani. "Mwaka juzi hukutudanganya," akasema. "Sioni kwa nini uanze leo." Akapiga muhuri.

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata siku ya kufunga shule. Mtu wa nyuma akapiga ukelele, "Kikulacho ki nguoni mwako!" na waliokumbuka kwamba wifi ni fundi wa nguo wakashika mbavu. Mwingine akampigapiga Koleo mgongoni, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kaka alisimama katikati yao, anachekwa kutoka pande zote, na hakujaribu kumalizia utani wa mtu hata mmoja.

Katibu akagonga meza. "Jina la ubaoni?"

Wifi akafungua mdomo. Miaka miwili ya chaki ilikuwa mdomoni. Lakini klabu nzima ilishajibu, kwa sauti moja: "Kikulacho!"

Akasita. Nilimwona anaiweka ile sindano yake kando, bila haraka, kama anavyoweka kando kitambaa kizuri ambacho hakimfai mteja. Akamgeukia mumewe.

"Unaonaje, baba watoto? Ni mkono wako huo watakaokuwa wanautaja kila mwaka."

"Ni jina zuri," kaka akasema. "Nimelipata kwa maumivu."

"Basi sawa. Lakini naandika mwenyewe."

Kiti kikaletwa. Wifi akapanda, akapewa kopo la rangi na brashi, na kwa kuwa ni mfupi ikabidi asimame kwa vidole vya miguu. Kiti kikayumba. Mikono ya kaka ikatoka mifukoni, yote miwili, na chumba kizima kikabana pumzi, mimi wa kwanza. Akainama, akashika miguu ya kiti.

"Mimi nashika kiti tu," akasema kutoka chini.

"Kiti shika," akasema wifi bila kutazama chini, na akaanza kuandika.

Herufi ya kwanza aliianza vibaya. Ile K imelala upande, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na iko hivyo hadi leo, ukienda utaiona. Mimi ni mwalimu. Mkono uliniwasha, brashi ya pili ilikuwa pale pale mezani mbele yangu. Nikaukalia.